Kusoma kwa Masikio

Munuki, Juba
4 Februari 2024

Dada Kiden mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye jua. Natumaini wewe, Baba Sunday na Sunday mwenyewe mko wazima, na kwamba mgongo wako umeacha kukusumbua. Mimi sijambo. Nakuandikia kwenye simu badala ya kupiga kwa sababu mtandao wetu unaujua: tukimaliza tu kuulizana hali, unakatika. Tena kwako cherehani zinanguruma, unabaki kuniitikia "eeh, eeh" bila kusikia neno.

Umesema wateja wako wanakuuliza ndugu yako anafanya kazi gani Juba, nawe unawajibu "kompyuta" wanaridhika. Basi waambie hivi: naandika programu. Ofisi yetu ni vyumba viwili kule Kator, nyuma ya kanisa kuu. Tuko wanne, na mkubwa wetu ni Adau, dada mmoja mrefu asiyependa maneno mengi. Sasa hivi tunatengeneza programu ya zahanati. Mhudumu akitoa dawa anaiandika kwenye simu, na dawa ikikaribia kwisha sisi na wenye ghala tunajua kabla mgonjwa hajarudishwa nyumbani mikono mitupu.

Nimepata skrini mpya, kubwa kama dirisha, imeletwa na lori kutoka Kampala. Herufi nimeziongeza ukubwa. Adau ananitania: "Loro, hizo herufi zako hata mtu wa Nimule kule mpakani anazisoma." Na ule mwongozo wa hifadhidata niliokuambia, nimeupeleka kwa watu wa kuchapisha wakanitolea kurasa zenye maandishi makubwa. Nausoma asubuhi kibandani kwa Proscovia, yule jirani Mganda anayeuza chai na mandazi. Yeye anadhani ni Biblia. Sijamsahihisha, kwa sababu tangu adhani hivyo ananiongezea sukari.

Pikipiki nimeiuza. Mashimo ya Munuki yamenichosha. Sasa nabebwa na Edrine wa bodaboda pale stejini, anayenipigia kelele kila nikishuka: "Mzee, wewe hapana ona hiyo jiwe? Mimi iko naona wewe nakanyaga tu!"

Nisalimie wote. Niambie unashona nini siku hizi.

Mdogo wako,
Loro


Langas, Eldoret
18 Februari 2024

Loro mdogo wangu,

Nimefurahi kupata barua ndefu. Sisi hatujambo. Mgongo uko palepale, tumezoeana. Baba Sunday yuko safarini na lori, na Sunday amerudi chuo cha uuguzi. Kila akija nyumbani ananipima presha hata nisipotaka. Wewe hujaniambia unakula nini. Mandazi si chakula.

Kazi ni nyingi. Sare za shule zimekwisha, sasa niko kwenye gauni la arusi la binti wa mchungaji. Nimelidarizi maua kifuani kwa mkono, uzi kwa uzi. Picha nakutumia baada ya barua hii uone kama dada yako bado ana mkono.

Jumapili iliyopita tulimwombea Baba misa. Nilikaa pale kanisani nikawaza Kakuma, asubuhi, Baba ameshika ncha moja ya fimbo na mimi nyingine, tunakwenda kupanga foleni ya unga. Wewe ulikuwa mdogo, mgongoni kwa Mama. Watu waliniita "macho ya mzee." Wale inzi wa mtoni wanaopofusha watu walimfanya Baba vibaya sana. Angeona leo mtoto wake anaandika programu!

Tuma picha yako. Tangu Krismasi hujatuma hata moja.

Dada yako,
Kiden


Munuki, Juba
3 Machi 2024

Dada mpendwa,

Salamu kwenu nyote. Huku joto limezidi, lakini tu wazima.

Nisamehe kwa kuchelewa. Tulikuwa tunapeleka programu kwenye zahanati za kwanza, moja hapa Munuki na nyingine New Site. Wahudumu wameipokea vizuri, isipokuwa mama mmoja aliyesema simu haiwezi kujua dawa zake kuliko yeye.

Picha ya gauni nimeipata. Ni zuri mno, dada. Weupe wake unang'aa, na yale maua ya kifuani yametulia kabisa. Bibi arusi atapendeza. Mkono wako bado upo.

Nitaandika zaidi nikipumzika.

Mdogo wako,
Loro


Langas, Eldoret
5 Machi 2024

Loro,

Hujambo? Mimi sijui kama sijambo.

Picha niliyokutumia haikuwa gauni. Nilikosea. Ilikuwa picha ya sinki la choo letu lililopasuka, niliyotaka kumtumia mwenye nyumba ili alete fundi. Mwenye nyumba ndiye aliyepata gauni, akanijibu "hongera." Nilicheka peke yangu siku nzima nikisubiri na wewe unicheke.

Wewe ukaniambia maua yametulia.

Niambie ukweli. Unaona?

Kiden


Langas, Eldoret
20 Machi 2024

Loro,

Nimekupigia, simu inaita tu. Nimeandika, kimya. Sunday amejaribu pia. Kama umekasirika kwa swali langu, kasirika, lakini nijibu. Ukiendelea kunyamaza nitapanda basi nije Juba mwenyewe, na unajua ninavyotapika kwenye basi.

Dada yako


Munuki, Juba
2 Aprili 2024

Dada yangu Kiden,

Shikamoo. Najua hatuamkiani hivyo sisi kwa sisi, lakini leo nimeona niiweke.

Nilikuwa Kampala. Nimerudi juzi. Nilifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia; la kushoto walisema hawana la kulifanya. Simu nilimwachia Proscovia nyumbani kwa sababu nilijua utapiga, na nisingeweza kukudanganya kwa sauti kama nilivyokudanganya kwa maandishi.

Nikueleze tangu mwanzo. Mwaka jana nilianza kugonga vitu. Pembe ya meza, mlango, bega la mtu sokoni. Nilidhani ni uchovu wa skrini. Siku moja natoka Kator kwa pikipiki, mama mmoja na beseni lake la samaki akatokea ubavuni, yaani kwangu alitokea hewani. Nilimkosa kidogo sana. Samaki walimwagika, watu wakanizunguka. Yule mama hakunitukana. Aliniangalia usoni akauliza, "Mwanangu, inta ma bishufu?" Wewe huoni? Nikauza pikipiki wiki ileile. Ile habari ya mashimo ilikuwa uongo.

Daktari anaiita presha ya macho. Maji ya ndani ya jicho hayatoki vizuri, yanasukuma mshipa wa kuonea hadi unakufa polepole, kuanzia pembeni. Haiumi, ndiyo maana mtu hajui. Kilichokwisha kufa hakirudi. Upasuaji ni wa kulinda kilichobaki, na kilichobaki ni kidogo: kwa jicho la kulia naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Picha yako niliifungua nikaona weupe. Gauni la arusi ni jeupe, nikasema ni zuri.

Sikukuambia kwa sababu yako wewe. Uliacha shule darasa la sita ili umwongoze Baba. Nilijua nikisema tu neno "macho," utafunga duka na kuja kunishika mkono. Sikutaka dada yangu ashike fimbo mara ya pili.

Kuna jambo jingine. Daktari aliniuliza kama kuna mtu nyumbani aliyepofuka. Nikamwambia baba yetu, lakini yeye aliharibiwa na inzi wa mtoni. Akaniuliza, "Nani aliyempima?" Hakuna aliyempima, Kiden. Watu walisema ni inzi, nasi tukasema ni inzi. Daktari anasema ugonjwa huu hutembea kwenye damu, na ndugu wa tumbo moja wako hatarini zaidi.

Nenda kapimwe. Nakuomba sana.

Mdogo wako,
Loro


Langas, Eldoret
4 Aprili 2024

Loro,

Nimelia, nimemaliza. Sasa nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo kaa vizuri.

Nani alikuambia kwamba kumwongoza Baba kulikuwa mzigo? Uliniuliza? Ulikuwa mtoto wa kubebwa. Ni kweli niliacha shule, na nililia siku wenzangu walipopita na sare mbele ya hema letu. Lakini Baba alinifundisha kusikiliza watu. Tukifika kwa muuza mafuta ananinong'oneza, "Huyu anadanganya, twende kwa yule mwingine." Nilijua kila njia ya kambi ile. Nilijua habari za kila mtu. Nilichukia na nilipenda, vyote viwili, na hakuna aliyewahi kuniuliza hadi leo. Wewe umejijibu mwenyewe, kisha ukatumia jibu lako kunifungia mlango.

Ulikatwa jicho, na aliyekuwa na simu yako ni muuza mandazi! Alinisikia nikipiga akaacha iite!

Haya. Nimemaliza kweli. Jicho linauma? Unaweka dawa? Nani anakupikia? Na kazi, itakuwaje? Wewe maisha yako yote ni kusoma vitu kwenye kioo.

Nitakuja mwezi ujao, Baba Sunday akirudi.

Dada yako,
Kiden


Munuki, Juba
12 Mei 2024

Dada mpendwa,

Nashukuru kwa hasira yako, nilikuwa naihitaji. Proscovia anaomba msamaha. Alisema nilimwapisha, na ni kweli. Tangu asikie barua yako ananiletea wali na maharagwe jioni, anasema hataki kusikia tena kelele zako.

Dawa naweka. Jicho halinisumbui. Nakuomba usije kwanza, na safari hii sikufichi sababu. Najifunza kazi yangu upya, na ukiwapo utanihurumia, nami nitakubali kuhurumiwa.

Kazini mambo si mazuri. Niliporudi, Adau alinikaribisha vizuri, akaniwekea kiti mbali na nyaya. Halafu akasema, "Malesh, Loro. Pole. Pumzika kwanza. Mwenzako Robinson ataendelea na programu ya zahanati."

"Nipumzike mpaka lini?"

"Mpaka ujisikie vizuri."

"Adau, mimi najisikia vizuri. Sioni tu."

Si mtu mbaya. Hajui tu, na mimi pia sikuwa najua. Nikamwomba aniachie kompyuta na muda. Amekubali mpaka mwisho wa Julai.

Sasa nikueleze kinachoniweka macho wazi, kama bado naweza kusema hivyo. Kuna programu inayosoma kwa sauti kila kitu kilichoko kwenye skrini. Ni ya bure. Imetengenezwa na watu ambao wenyewe hawaoni. Nimeachana na kipanya kabisa. Nabonyeza vitufe tu, na sauti inaniambia niko wapi. Siku za kwanza nilitaka kuitupa dirishani. Maandishi ya programu yamejaa alama, nayo inazisoma zote: mabano fungua, mabano funga, nukta, nukta mkato, kistari. Ilikuwa kama kusikiliza mtu anayekusomea barua ya mapenzi huku akitaja kila koma. Jina langu inalitamka kama anayesukutua. Yangu hiyo, sasa sikia ya Adau!

Lakini sikio linazoea. Kila siku naiongezea kasi kidogo. Juzi Robinson aliazima vipokea sauti vyangu masikioni, akavivua haraka: "Hii ni lugha gani?" Ilikuwa Kiingereza tu, kwa mwendo ninaousikia mimi.

Kilichonishinda ni vitabu. Ule mwongozo wangu uko kwenye kompyuta, ila kila ukurasa umepigwa picha, hauna maandishi ndani, kwa hiyo sauti inafika pale inasema "picha," ukurasa unaofuata "picha," hivyo hivyo hadi mwisho. Kitabu kizima cha picha! Nimejaribu programu za kugeuza picha kuwa maandishi. Zinabadilisha nusu ya alama. Nimewaandikia waliokitunga, nikawaeleza hali yangu. Labda watajibu.

Umepimwa?

Mdogo wako,
Loro


Langas, Eldoret
9 Juni 2024

Loro mdogo wangu,

Habari ya huko? Sisi wazima. Mvua inapiga kila alasiri na umeme unakwenda nayo, kwa hiyo nimerudi kwenye cherehani ya miguu. Sikuja kama ulivyoomba, lakini jua kwamba nguo zangu ziko kwenye begi tangu Aprili.

Barua yako nimemsomea Baba Sunday. Anasema ana rafiki dereva anayejua tairi imepungua upepo kwa kusikiliza tu. Mimi nilifikiria pindo. Wanafunzi wangu wanakodolea pindo, mimi napitisha kidole. Kwa hiyo usidhani sikuelewi.

Adau akikuambia tena upumzike, mwambie dada yako anasema umepumzika ya kutosha tumboni kwa Mama.

Kupimwa bado. Kazi ni nyingi, na macho yangu ni ya uzee tu. Uzi unanisumbua kidogo kuingia sindanoni, kama kila mtu wa umri wangu.

Dada yako,
Kiden


Munuki, Juba
14 Julai 2024

Dada Kiden,

Salamu za furaha leo! Natumaini mvua imewapa nafasi ya kuanika nguo.

Waliotunga kitabu wamejibu. Mwanamke mmoja ameniandikia maneno machache ya heshima na kuambatisha kitabu kizima kikiwa maandishi matupu. Nimekaa uani Jumamosi yote nakisikiliza, miguu kwenye beseni la maji, kuku wa jirani wakinipitia. Sura ya saba, ambayo zamani niliiruka kwa ugumu wake, nimeielewa. Labda kwa sababu sikio haliwezi kuruka mistari kama jicho.

Na kazini kumetokea jambo. Zahanati ya New Site ilipiga simu kulalamika: kabati limejaa dawa ya malaria, lakini programu inasema hakuna hata kidonge, na ghala limeshaanza kuwapakilia shehena nyingine ambayo ilipaswa kwenda kwingine kwenye shida kweli. Robinson alitafuta kosa, Adau akatafuta, mwenzetu wa nne akatafuta. Wote watatu walikuwa wamekodolea skrini moja. Nikasema, "Nitumieni na mimi." Hawakukataa.

Nikaweka vipokea sauti, nikapita polepole, alama kwa alama. Nikafika kwenye namba ya utambulisho ya ile dawa. Sauti ikasoma sifuri, sifuri, kisha ikasema "O." Nikarudi nyuma. Sifuri, sifuri, O. Mtu alipoiingiza aliandika herufi O mahali pa sifuri. Kwa macho ni kitu kilekile, mviringo tu. Kwa kompyuta ni dawa mbili tofauti, na moja haipo kabisa.

"Robinson," nikamwambia, "futa hiyo ya tatu, weka sifuri."

Akafuta, akaweka, akabonyeza. Nikasikia anapumua. "Kalas," akasema. Imekwisha.

Usidhani nimekuwa shujaa, dada. Kesho yake nilishinda mchana kutwa kwenye jambo ambalo Robinson angelimaliza kabla ya chai. Ukurasa wenye michoro bado unanishinda. Lakini Adau alikuja kwenye kiti changu akasema, "Mwisho wa Julai niliousema, usahau. Sehemu ya nyuma ya programu ni yako. Michoro abaki nayo Robinson." Halafu akaongeza, "Na mimi niweke hiyo sauti kwenye kompyuta yangu. Nataka kusikia kile ninachokosa." Nikamwekea. Ilipotamka jina lake alicheka hadi wenzetu wakaja kuangalia kuna nini.

Sasa njoo. Niko tayari kutembelewa.

Na umepimwa? Sitaacha kuuliza.

Mdogo wako,
Loro


Munuki, Juba
18 Agosti 2024

Dada,

Habari za siku nyingi? Nilituma barua mwezi uliopita na alama zinaonyesha umeisoma. Ukipigiwa unasema uko dukani utanipigia, hupigi. Nikimuuliza Sunday anasema, "Mama yuko sawa, Mjomba," kwa sauti ya mtu aliyeapishwa. Sauti hiyo naijua. Ni ile ya Proscovia.

Sikulazimishi. Nasubiri.

Loro


Langas, Eldoret
6 Oktoba 2024

Loro mdogo wangu,

Natumaini u mzima, na jicho limetulia. Sisi tunaendelea, na neno hilo nimelichagua.

Barua yako ya herufi O nilimsomea Sunday. Nilipomaliza akaniuliza, "Mama, na wewe utapimwa lini?" Nikamwambia ile habari ya uzee. Akainuka, akanivalisha viatu kama mtoto, tukaenda.

Ninayo, Loro. Macho yote mawili. La kushoto ndiyo kwanza inaanza, la kulia limeshapoteza kipande pembeni, upande wanaokaa wanafunzi wangu. Nilikuwa nawagombeza kwa kunyatia. Hawakuwa wananyatia.

Daktari ni msichana mdogo kuliko Sunday kwa kumtazama. Alinionyesha mchoro wa jicho langu, akasema, "Mama, umekuja mapema. Wengi huletwa wakiwa wameshikwa mkono." Ananipa dawa ya matone kila jioni, na anasema nikiifuata bila kuruka naweza kushona hadi nizeeke. Hakuahidi. Alisema naweza. Kama hungeniandikia habari za Baba na swali la yule daktari, ningeendelea kulaumu sindano.

Kwa nini nilinyamaza? Niliogopa tu. Nilikugombeza kwa kunificha, halafu nikanyamaza muda mrefu kuliko ulivyonyamaza wewe, na Sunday nikamwapisha. Nilikuwa naamka asubuhi nafumba jicho moja, naangalia kalenda ukutani. Nafumba jingine, naangalia tena. Sikutaka kumwambia mtu nikasikia jinsi inavyosikika. Siku moja Baba Sunday alinikuta natembea jikoni nimefumba macho nikipapasa sufuria, akadhani nimechanganyikiwa. Nikamweleza. Aliketi chini kwenye sakafu.

Nimemfikiria Baba sana. Miaka yote ile hakuna mtu aliyemwekea hata tone. Nilimkasirikia kila mtu, kisha sikupata wa kumkasirikia.

Sasa nina ombi, na usinionee huruma. Ile sauti ya kwenye simu, najua zipo hata zinazosema Kiswahili. Labda sitaihitaji kamwe. Lakini nifundishe sasa, wakati bado naona vitufe viko wapi. Sitaki kuanza kujifunza siku ile nitakapokuwa nalia.

Dada yako,
Kiden


Munuki, Juba
8 Oktoba 2024

Dada yangu,

Barua yako nimeisikiliza kibandani kwa Proscovia, nikamwomba kiti. Sikuonei huruma. Nimefurahi kwa yule daktari msichana, na nimesikitika, na nimekasirika kidogo kama ulivyostahili kukasirikiwa. Tuyaache hayo kwa siku utakapofika. Matone usiruke hata jioni moja.

Somo la kwanza ni hili. Mwambie Sunday afungue mipangilio ya simu yako, atafute sehemu ya usaidizi, awashe sauti ya kusoma skrini, aichague ya Kiswahili. Kazi yake imeishia hapo, atoke nje. Mwambie nimesema mimi.

Simu itaanza kusema. Usishtuke, inaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Tangu hapo kugusa mara moja hakufungui kitu. Kunakuambia tu kidole kiko juu ya nini. Tembeza kidole taratibu kwenye kioo, kama unavyotafuta mshono, usikiinue. Ukisikia unachotaka, inua kidole, kisha gonga mara mbili popote. Basi. Kwenye herufi ni hivyohivyo, ila hugongi: tembeza, sikia, inua.

Mwanzoni utakasirika. Utafungua usichokitaka, utampigia mchungaji bila kukusudia. Ni kawaida. Usiongeze kasi mpaka uzoee sauti.

Kaa mahali patulivu, zima cherehani. Fumba macho kwa hiari yako, dada, ukijua unaweza kuyafumbua wakati wowote. Halafu niandikie mistari michache. Nasubiri hapa.

Mdogo wako,
Loro


Langas
8 Oktoba 2024

Loro ndugu yangu

Hujambo. Naandika nimefumba macho. Sunday nimemtoa nje anachungulia dirishani nimemsikia.

Mtangazaji wako ana kiburi. Kila nikikosea anarudia kosa langu kwa sauti nyumba nzima isikie. Mchungaji bado sijampigia lakini nimempigia mwenye nyumba maratatu na sasa anadhani choo kimepasuka tena.

Nimeweka maharagwe motoni nilipoanza kuandika na nasikia harufu yameshaiva. Mistari hii tu. Makosa yote nimeyasikia nimechoka kuyafuta yaache.

Baba Sunday ameingia sasa hivi. Ameuliza mbona nimefumba macho tena na safari hii ninacheka. Nimemwambia aninyamazie naongea na ndugu yangu.

Dada yako
Kidrn